Mashine Niliyoinyamazisha Likoni

Wenzangu wa karakana, keki mliyonikatia siku ya kuniaga ilikuwa tamu, ingawa aliyeandika jina langu juu yake aliruka herufi, na kipande chenye kosa kikaliwa kabla sijajua wa kumkemea. Leso mlizonipa nimeshazikata na kuzipinda. Lakini kuna neno lililosemwa siku ile ambalo limenikaa kooni mpaka leo. Msimamizi alisimama akasema, "Bi Mwanaidi ndiye aliyezinyamazisha kompyuta za Mombasa nzima. Ukimpelekea mashine yanguruma, akurudishia imelala!" Mkapiga makofi na vigelegele. Mimi nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na aliyenitazama vizuri atakumbuka kuwa nilivaa makubadhi. Nawaandikia mjue kwa nini niliinama.

Nilipoingia Changamwe kuomba kazi, karakana ilikuwa chumba kimoja na benchi moja, na mwenye benchi alikuwa Fundi Mutua. Mtu wa bara, mwili mkubwa, vidole vinene ambavyo usingedhani vingeweza kushika skrubu ndogo bila kuidondosha. Alikuwa amefanya kazi ya mota kiwandani miaka mingi kabla kompyuta hazijaja kutusumbua. Aliliangalia buibui langu akauliza, "Umeleta mashine ama umekuja kuchukua?"

"Nimekuja kazi."

"Kazi gani?"

"Ya ufundi, baba. Nina cheti."

Cheti hakukitazama. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye feni ya kompyuta iliyokuwa inazunguka mbele yake na mpini niubane kwenye mfupa nyuma ya sikio. Nikafanya. "Inasema nini?" akauliza. Nikamwambia yavuma tu. "Hiyo kila mtu anasikia. Sikiza chini ya hiyo." Nikasikiliza, na kweli chini ya uvumaji kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama mtu apetaye mchele chumba cha pili. "Hiyo ni chumvi. Imeingia kwa beringi. Hiyo feni haimalizi mwezi." Haikumaliza. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, na wala sikuulizwa tena habari za cheti.

Kiswahili chake nilikisahihisha miaka yote tuliyokaa pamoja. Akisema "hii kompyuta imekuwa mgonjwa," namwambia, "Imeharibika, Fundi. Kompyuta haina homa." Naye hujibu, "Swahili yako ni tamu sana, Mwanaidi. Sasa iambie ifungue hii skrubu." Tukacheka, tukaendelea. Sikumwona akikasirika ila kwa kitu kimoja, nacho nitakieleza.

Ninyi vijana mmezoea vipakatalishi vyembamba visivyokohoa. Zamani zile kompyuta ya mezani ilikuwa na feni kwenye prosesa, feni nyuma, feni mbele, na nyingine ndani ya pawa saplai, zote zikizunguka kwa nguvu zao zote kuanzia asubuhi. Hapa petu zilikuwa na haki ya kulalamika. Upande huu wa Changamwe ni vumbi na moshi wa malori. Ukivuka Likoni au ukienda Kisauni, ni hewa ya chumvi inayokula chuma usiku na mchana. Ikifika Kaskazi, joto latosha kumlegeza binadamu, sembuse prosesa. Niliwahi kuingia ofisi ambamo karani na bosi wake walizungumza kwa kupiga makelele huku wamekaa meza moja, na kila mmoja akidhani mwenziwe ana hasira.

Ndipo kikaja kidhibiti cha feni. Wengine wenu hamjakiona, basi nikieleze. Kilikuwa bamba lililoingia mbele ya kasha, pale pa kuchomeka kisomaji cha diski, na usoni lina vifundo vya kuzungusha, kila kifundo na feni yake. Unazitoa nyaya za feni kwenye bodi, unazichomeka kwenye bamba, na kuanzia hapo mwenye mashine anapunguza mwendo kwa vidole viwili, kama apunguzaye moto wa jiko la gesi. Kilipofika sokoni nilikipenda kama mtoto apendavyo kitu chake cha Idi.

Kazi ile ina adabu yake. Kwanza unasafisha, maana mara nyingi kelele ni uchafu tu, na mteja aliyeuziwa kifaa pale palipotaka brashi ameibiwa. Unapuliza vumbi kwa blowa huku umeishika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Unabadilisha ile grisi ya kupoza iliyokauka juu ya prosesa. Unatia vipande vya mpira kwenye skrubu za feni ili mtetemo usihamie kwenye bati. Kisha ndipo unafunga kidhibiti. Ukipunguza, usianzie chini, kwani feni nyingine umeme ukiwa mdogo haziamki kabisa. Unaiwasha juu, inazunguka, halafu unaiteremsha taratibu huku jicho liko kwenye kipimo cha joto. Feni ya prosesa usiifanyie ubahili. Na mwenye mashine umwambie kwamba kipimo cha Julai si kipimo cha Februari.

Kidhibiti hicho ndicho kitu kilichomkasirisha Fundi Mutua. Alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama vile vifundo, akasema, "Feni ikilia inakuambia kitu. Wewe unaifunga mdomo."

"Naiambia iseme polepole, Fundi."

"Sawa. Siku itataka kupiga kelele, itapiga na nini?"

Nikaona ni maneno ya mtu aliyezeeka na bisibisi sikioni. Nami kazi zikaja kwa wingi. Kulikuwa na bwana mmoja Kisauni aliyerekodi kaswida chumbani kwake, na kila kaswida ikawa na mvumo nyuma yake. Nilipomaliza mashine yake alisikiliza, akasikiliza tena, akatoka nje kufuta machozi. Kulikuwa na daktari wa masikio, naye alikuwa hawezi kupima masikio ya watu kwa sababu ya kompyuta yake mwenyewe. Siku zile nikirudi nyumbani nilijiona nafanya kheri, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa nije kwa Mzee Bakari.

Alikuwa karani wa bandarini aliyestaafu, mwembamba, kofia safi kila siku, akikaa Likoni si mbali na kwetu. Ukumbini kwake aliweka kompyuta na printa, akiwachapia watu wa mtaa kadi za harusi, maombi ya kazi, tangazo la khitma. Nyumba ilijengwa kama nyingi za kwetu: mbele ukumbi wenye mlango wa barabarani, halafu pazia, vyumba, na nyuma uani na jikoni. Wateja wakiingia ukumbini, wengi wanaume, mkewe Bi Zuhura hukaa nyuma. Saa za kazi hapiti pazia. Akitaka kitu humtuma mtoto wa jirani, au hungoja.

Siku moja mzee alikuja karakana akasema, "Mwanangu, nisaidie. Bi Zuhura kaniambia nichague, ama ile kompyuta yangu aiitayo jenereta ama yeye."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi nampenda yeye, lakini jenereta ndilo lanipa riziki."

Kompyuta hakutaka kuivusha feri, akaogopa itagongwa na mizigo ya watu. Nikaenda mwenyewe Jumapili na mkoba wangu. Nilisafisha, nikafunga mipira, nikafunga kidhibiti. Kisha Bi Zuhura mwenyewe akasema, "Mimi ndiye nnayesumbuka, basi mimi ndiye wa kupima." Akaenda uani akakaa kwenye kibao chake cha mbuzi, alipokaa kila siku akikuna nazi, na mimi nikabaki ukumbini na mzee. Nikateremsha kifundo kidogo.

"Bado naisikia!" akapaza sauti kutoka uani.

Nikateremsha tena.

"Bado! Yavuma kama nyuki!"

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Endelea, mwanangu, huyo masikio yake ni ya paka." Nikateremsha kidogo kidogo, nikatazama joto, nikaongeza feni ya nyuma nikapunguza ya mbele, mpaka kukawa kimya. Tukangoja. Kisha sauti ikaja ya raha kabisa: "Sasa siisikii! Alhamdulillahi, siisikii!"

Nikaomba rangi ya kucha. Akaleta kichupa chekundu cha mjukuu wake, nami nikatia tone kwenye kila kifundo, ili mzee ajue pa kukirudisha kikisogea. Bi Zuhura akanifungia vitumbua vya kupeleka nyumbani, akaniombea dua mpaka nikaona haya. Ile ilikuwa kazi safi. Mpaka leo nikiipitia moyoni, kutoka skrubu ya kwanza hadi ya mwisho, sioni pa kuirekebisha. Ingekuwa na kosa, angalau ningekuwa na kitu cha kukishika.

Kuna jambo sikulijua, na Bi Zuhura mwenyewe hakulijua, kwa sababu lilikuwa limeshakuwa sehemu ya nyumba. Miaka yote ile alikuwa akiisoma siku yake kwa mngurumo. Mashine ikinguruma, mzee yuko kazini. Ijumaa, mchana ukikaribia, mngurumo hukatika. Maana yake mzee kazima mashine, kachukua mswala, katoka kwa mlango wa mbele kwenda msikitini. Mngurumo ukikatika ndipo yeye huteleka wali, ili mzee akirudi kutoka Ijumaa aukute u moto. Hawakuwahi kuambiana habari hiyo. Kelele aliyoichukia ndiyo iliyokuwa ikimpa habari za mumewe.

Ijumaa moja, miezi kadhaa baada ya kazi yangu, mzee alikuwa peke yake ukumbini. Bi Zuhura uani akasikia adhana. Akatega sikio upande wa mbele, kimya, kama kulivyokuwa kimya kila saa tangu nilipoinyamazisha mashine. Akajua kama alivyojua kila Ijumaa: keshazima, keshakwenda. Akateleka wali. Akapika mchuzi wa samaki. Akaoga, akasali, akatandika mkeka, akakaa kumngoja mumewe arudi kutoka msikitini.

Aliyekuja akapiga hodi ni jirani, na hodi ilikuwa ya mlango wa mbele. "Bi Zuhura, mzee hajambo? Leo mbona hatukumuona kwenye safu?" Akashangaa, akapita pazia. Mzee Bakari alikuwa kwenye kiti chake, kaegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, macho yamfuata mkewe. Mbele yake kadi ya harusi ya watu imeandikwa nusu. Kompyuta ilikuwa inawaka muda wote.

Walimkimbiza hospitali. Aliishi siku chache, hakusema neno. Daktari alimwambia mpwa wao kwamba kiharusi ni mbio na saa, na saa zilikuwa zimepotea nyingi. Mpwa, Mungu amsamehe, akalibeba neno lile mpaka nyumbani.

Mimi nililisikia msibani, nimekaa na wanawake wenzangu na juzuu mkononi. Mwanamke mmoja alikuwa akimhadithia mwingine kwa sauti ya chini: "Na ile kompyuta ingekuwa yapiga kelele kama zamani, Bi Zuhura angalishangaa mbona haizimwi wakati wa sala." Sijui kama alijua mimi ni nani. Nilishikilia juzuu ile sikuigeuza ukurasa. Wallahi nilitamani niwe fundi wa cherehani.

Jumatatu nilimsimulia Fundi Mutua. Nilitaraji anikumbushe maneno yake, na nilikuwa nimeshajiandaa kumjibu vibaya. Hakunikumbusha. Alizima redio ya karakana, akavuta kiti akakaa karibu nami, akasema, "Pole, Mwanaidi. Wewe ulifanya vile uliambiwa." Kwa mara ya kwanza sikumsahihisha. Tangu siku hiyo, mteja akiniletea mashine inyamazishwe, nikawa namuuliza kwanza nyumba yake imekaaje na ni nani mwingine anayeisikia. Wengi walidhani nina udaku. Ninyi pia mlinicheka, nawajua. Sasa mjue swali lile lilitoka wapi, na mliulize hata kama mteja atakunja uso.

Siku zikapita, kisha mjukuu wa Bi Zuhura akaja karakana. "Bibi akuita. Asema uje na mkoba wa kazi." Bibi yake alikuwa ndani ya eda, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, na katika mafundi wote wa karakana aliyeweza kupita mlango ule ni mimi tu. Yaani hata nikitaka kumtuma mtu kwa niaba yangu, sikuwa naye. Nilivuka na feri nikitamani ikawie, nayo siku hiyo, kwa kunikomoa, ikaenda kama ilivyotakikana.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Kaa."

Alikuwa kavaa nguo nyeupe, hana hina wala wanja, kakonda. Pazia la ukumbini lilikuwa limekunjwa. Kompyuta ilifunikwa kwa leso. Akauliza, akinitazama usoni: "Mwanaidi, wewe ndiye ujuaye mashine ile. Lau ingekuwa yanguruma siku ile, ningelimuwahi?"

"Sijui, Bi Zuhura."

"Hujui, au hutaki kusema?"

Nikasema, "Sitaki kusema."

Akatikisa kichwa polepole. Nilidhani atanifukuza, na ningetoka bila kinyongo. Badala yake akaushika mkono wangu. "Ahsante. Wote wajao hapa waniambia ni kadari, Bi Zuhura, ni kadari. Nami najua ni kadari, sikukufuru. Lakini mimi ndiye niliyekaa pale uani nikapiga kelele 'siisikii, alhamdulillahi.' Nilishukuru, Mwanaidi! Nataka japo mtu mmoja asinipoze. Ajute nami, basi."

Nikamwambia, "Mimi najuta, Bi Zuhura. Tangu msibani najuta." Tukalia wawili sisi, yeye kwa sauti na mimi kimya, kwa sababu nilikuwa bado na haya ya kulia katika nyumba ile. Tulipotosheka akajifuta kwa upindo wa leso, akaniambia kazi aliyoniitia.

"Irudishe kama ilivyokuwa."

Nikaifunua. Nikaiwasha, nikachuchumaa mbele yake. Matone ya rangi ya kucha yalikuwa pale pale nilipoyatia, mzee hakuwahi kuvigusa vile vifundo. Bi Zuhura akaenda uani, akaketi kwenye kibao chake cha mbuzi. Nikapandisha kifundo kidogo.

"Bado siisikii," akasema.

Nikapandisha tena. Feni ya nyuma ikaanza kuvuma, na chini ya uvumaji nikasikia ule mkwaruzo wa kupeta mchele. Chumvi ilikuwa imeshaingia. Ningeweza kumbadilishia feni palepale, nilikuwa nayo mkobani. Sikuibadilisha.

"Bado, mwanangu."

Nikavizungusha vyote mpaka mwisho. Ukumbi ukajaa ule mngurumo mbaya wa zamani, meza ikatetemeka, leso ikateleza sakafuni. Nilingoja. Sauti haikuja. Nikaenda nikapita pazia, nikamkuta kakaa wima, kaweka mikono mapajani, kafumba macho.

"Naisikia," akasema.

Nikamuuliza kama nimpunguzie kidogo, isije ikamuumiza kichwa.

"Hasha, iache. Ijumaa nitaiwasha asubuhi, ingurume. Wakati wa sala nitaizima, nijue keshakwenda msikitini, niteleke wali." Akafumbua macho akanitazama. Katika miaka yote ile hakuwahi kukigusa chombo cha mumewe. "Njoo unionyeshe. Yazimwa wapi?"

Nikamshika mkono tukapita pazia pamoja, nikamwonyesha kitufe.